Mamlaka ya Polisi Yasiyo na Pingu: Sheria Zilizopanga Miji ya Marekani

Katika vitabu vya sheria vya Marekani limo neno ambalo askari polisi ye yote akilisoma atadhani linamhusu yeye. Neno hilo ni "mamlaka ya polisi". Lakini halihusu rungu, wala pingu, wala lindo la usiku. Kwa wanasheria wa nchi ile, mamlaka ya polisi ni uwezo wa kila jimbo kutunga sheria za kulinda afya, usalama, maadili na ustawi wa raia kwa jumla. Kwa uwezo huo mji huweza kumwambia mwenye kiwanja: hapa utajenga nyumba ya kuishi, hutajenga kiwanda, utapanda ghorofa kadhaa, hutazidi, na kutoka mpaka wa jirani utaacha nafasi ya futi kadhaa. Kwa amri hiyo mwenye kiwanja halipwi hata senti moja.

Upo uwezo wa pili, nao ni wa kutwaa. Serikali ikitaka kiwanja chenyewe ili ipitishe barabara au ijenge shule, huweza kukichukua hata kama mwenyewe hataki. Hapo, hata hivyo, Marekebisho ya Tano ya Katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yameweka sharti: mali ya mtu haichukuliwi kwa matumizi ya umma bila ya fidia ya haki. Basi akiamriwa halipwi, akinyang'anywa hulipwa. Swali lililowashughulisha majaji wa Marekani kwa zaidi ya miaka mia ni hili: amri ikaze kiasi gani hata ihesabiwe kuwa ni unyang'anyi?

Tumeona jambo hili lifaa kuelezwa kwa wasomaji wetu, kwa kuwa amri ya namna hii haitekelezwi na jaji aliyeiandika. Siku ya kuondoka ikifika, anayesimama mlangoni ni mtu mwenye sare, na mwenye nyumba humwuliza yeye ni kwa sheria ipi.

Miji kadhaa ya kwanza ya nchi ile ilichorwa na watu wa vita. Savannah, katika Georgia, ulipangwa mwaka 1733 na James Oglethorpe, aliyekuwa askari, kwa mitaa iliyonyoka na viwanja vya wazi vilivyorudiwa kwa kipimo kimoja, katika ardhi aliyoafikiana na Tomochichi, mkuu wa Wayamacraw. Washington ulichorwa mwaka 1791 na Pierre Charles L'Enfant, Mfaransa aliyekuwa mhandisi katika jeshi la mapinduzi. Ramani zao zilionyesha barabara na viwanja. Hazikusema mtu afanye nini ndani ya kiwanja chake.

Haja ya kusema hivyo ilikuja pamoja na viwanda, lifti na vyuma vya kujengea. Mwaka 1915 likamalizika New York jengo la Equitable, lenye ghorofa karibu 40, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara bila ya kurudi nyuma hata hatua moja. Mitaa iliyolizunguka ikaingia gizani adhuhuri. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 1916, mji ule ukapitisha sheria ya kwanza Marekani ya kugawa mji mzima katika kanda: kanda za makazi, za biashara, na zisizo na masharti ya matumizi. Jengo refu sharti lipungue upana kila linapozidi kupanda. Majengo ya New York ya miaka ya 1920 na 1930 yanayofanana na ngazi hayakupata umbo hilo kwa ajili ya urembo tu. Ni sheria iliyoyachonga.

Wakati huo huo, ng'ambo ya pili ya nchi, katika Los Angeles, mtu mmoja aitwaye Hadacheck alikuwa kizuizini. Alikuwa mfyatua matofali. Alinunua ardhi yake wakati ilipokuwa nje ya mji, kwa sababu udongo wake ulikuwa mzuri, akajenga matanuri. Mji ukakua ukamfikia, nyumba zikamzunguka, na baraza la mji likapiga marufuku matanuri ya matofali katika eneo lile. Hadacheck akaendelea kuchoma, akatiwa hatiani, akakabidhiwa kwa mkuu wa polisi wa mji, Charles Sebastian. Ndiyo maana kesi hiyo hata leo huitwa Hadacheck dhidi ya Sebastian. Mfyatuaji alisema ardhi yake ilikuwa na thamani ya dola 800,000 kwa kazi ya matofali, na kwa kazi nyingine haizidi dola 60,000. Mwishoni mwa mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia. Moshi na vumbi viliwadhuru majirani. Mji una haki ya kukua. Na aliyetangulia kufika hawezi kuuzuia milele. Hakulipwa.

Hukumu hiyo ingeachwa peke yake, miji ingefanya itakavyo. Aliyeweka kizuizi ni Jaji Oliver Wendell Holmes, ambaye wanajeshi wanayo sababu ya kumkumbuka: alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kujeruhiwa mara tatu. Mwaka 1922 ilimfikia kesi ya kampuni ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Jimbo lilikuwa limekataza kuchimba makaa yanayozishikilia nyumba zisididimie, ingawa kampuni ilipouza ardhi ya juu ilijiwekea haki ya kuchimba chini. Holmes akaamua kwamba serikali yaweza kuamrisha mali itumikeje, lakini amri ikipita kiasi huwa ni kutwaa, na kutwaa hulipiwa. Kiasi chenyewe ni kipi? Hakusema. Kwa maoni yetu, wanasheria wengi wa Marekani wamekula mkate wao kutokana na ukimya huo.

Sasa tuje kwenye kesi iliyo mama wa zote. Karibu na Cleveland, katika Ohio, kando ya Ziwa Erie, kilikuwapo kijiji cha Euclid, kilichopewa jina la yule mwanahesabu wa Kiyunani na wapima ardhi wa zamani. Mwaka 1922 kilikuwa na watu wasiofika 10,000. Wakubwa wa kijiji waliona viwanda vya Cleveland vikiwasogelea kwa kufuata reli, na mwezi Novemba mwaka huo wakapitisha sheria. Kijiji kizima kiligawanywa kwa matumizi ya namna sita, kwa urefu wa majengo wa namna tatu na kwa ukubwa wa viwanja wa namna nne. Daraja la juu lilikuwa la nyumba ya familia moja. La chini, viwanda. Lililoruhusiwa juu liliruhusiwa chini pia, bali la chini halikuruhusiwa kupanda.

Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 hapo kati ya barabara kuu na reli, ikingoja kuwauzia wenye viwanda. Ilidai kwamba ekari moja ilikuwa na thamani ya dola 10,000 kwa kiwanda, na dola 2,500 tu kwa makazi. Wakili wake alikuwa Newton D. Baker, aliyekuwa meya wa Cleveland, kisha Waziri wa Vita wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jaji wa kwanza, Westenhaver, aliipa kampuni ushindi mwaka 1924, akaongeza neno zito: kwa kweli sheria hii inawapanga watu kwa kadiri ya mapato yao.

Kijiji kikakata rufani. Kesi ikasikilizwa Washington mara mbili, na tarehe 22 Novemba 1926 Mahakama ya Juu ikakipa kijiji ushindi kwa majaji sita dhidi ya watatu. Hukumu iliandikwa na Jaji George Sutherland, mtu asiyependa serikali iingilie mali ya watu, na kwa hiyo wengi walistaajabu. Mfano wake utawafurahisha askari wa usalama barabarani. Alisema kanuni za kuongoza magari zingeonekana udhalimu katika zama za kabla ya magari, lakini sasa hakuna anayezipinga. Miji imebadilika, na sheria hubadilika nayo. Akasema pia kwamba kero mara nyingi ni kitu chema kilichowekwa mahali pasipofaa, kama nguruwe aliyeingizwa sebuleni badala ya kukaa zizini.

Lakini Sutherland hakuishia kwenye nguruwe. Aliyataja majengo ya kupanga, yanayokaa familia nyingi, akayafananisha na kupe anayenyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia moja. Kiwanda kina moshi. Jengo la kupanga lina nini? Lina wapangaji. Hapo ndipo neno la Westenhaver lilipopata mashiko. Tangu siku ile upangaji wa kanda ulienea Marekani nzima, ukisaidiwa na sheria ya mfano iliyotolewa na Wizara ya Biashara chini ya Herbert Hoover mwaka 1924 ili majimbo yainakili. Mpaka leo wataalamu huuita upangaji wa Euclid. Ekari zenyewe za Ambler hatimaye zilipata kiwanda: wakati wa Vita Kuu ya Pili kilijengwa kiwanda cha vipuri vya ndege, ambacho baadaye kilikuwa cha General Motors.

Ni lazima tuseme waziwazi kwamba mistari hii haikuchorwa kwa ajili ya moshi peke yake. Baltimore ilitangulia mwaka 1910 kutunga sheria ya kutenga mitaa ya weupe na ya weusi, na miji mingine ikaiga, Louisville ukiwa mmojawapo. Huko William Warley, kiongozi wa watu weusi, alipatana na Mzungu aitwaye Buchanan amwuzie kiwanja katika mtaa wa weupe, kusudi sheria ipelekwe mahakamani. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu iliifuta kwa kauli moja, ikisema mwenye mali anayo haki ya kumwuzia amtakaye. Waliotaka kutenga hawakukata tamaa. Waliandika masharti katika hati za viwanja kwamba mtu mweusi asiuziwe. Mwaka 1948, katika kesi ya familia ya Shelley wa St. Louis, ikaamuliwa kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza masharti hayo. Mwaka 1968 sheria ya nyumba ikakataza ubaguzi wenyewe.

Ikabaki njia ya kimya kimya: kuweka viwanja vikubwa sana na kukataza nyumba za kupanga. Mtu maskini hakukatazwa kuingia. Alikosa tu pa kuingilia. Mwaka 1975 mahakama ya juu ya New Jersey iliuamuru mji wa Mount Laurel, na miji mingine inayokua, itoe nafasi kwa sehemu yake ya haki ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Amri hiyo ilipingwa na kucheleweshwa hata mahakama ikalazimika kurudia kwa ukali mwaka 1983. Hata hivyo mstari wa Euclid umeanza kulegea: Minneapolis mwaka 2018 ilipitisha mpango wa kuondoa mitaa ya nyumba za familia moja tu, na jimbo la Oregon likatunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019.

Kuhusu uwezo wa pili, ule wa kutwaa, mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Sheria ya nyumba ya mwaka 1949 ilitoa fedha za kubomoa mitaa mibovu. Mjini Washington, upande wa kusini-magharibi, ilichaguliwa sehemu yenye watu 5,012, karibu wote weusi. Mwenye duka moja alilalamika kwamba duka lake halina kasoro, na kwamba litatwaliwa apewe mjenzi mwingine wa binafsi. Mwaka 1954 majaji wote walimkatalia: mtaa hupangwa kwa jumla yake, si jengo moja moja.

Miaka miwili baadaye zikaja barabara kuu. Dwight Eisenhower, akiwa ofisa kijana mwaka 1919, alisafiri na msafara wa magari ya jeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Safari ilichukua siku 62, kwa matope na madaraja yaliyovunjika. Alipokuwa Rais alitia saini sheria ya mwaka 1956 ya barabara za majimbo na za ulinzi, maili 41,000, Serikali Kuu ikilipa asilimia 90. Kwa usafirishaji wa vikosi na bidhaa, kazi hiyo haina mfano. Lakini barabara zilipoingia mijini zilipita mara nyingi mahali ardhi ilipokuwa rahisi na wenyeji hawana sauti. Rondo katika St. Paul, Overtown katika Miami na Black Bottom katika Detroit, mitaa ya watu weusi yenye makanisa na maduka yao, ilikatwa au kufutwa.

Kisha kuna New London, Connecticut. Mwaka 1996 jeshi la wanamaji lilifunga kituo chake cha utafiti katika mtaa wa Fort Trumbull, na kazi zaidi ya 1,500 zikapotea. Mwaka 1998 kampuni ya dawa ya Pfizer ikatangaza kujenga kando yake, na mji ukaamua kutwaa nyumba za jirani ili zijengwe hoteli, ofisi na makazi mapya. Wenye nyumba tisa waligoma, akiwamo muuguzi Susette Kelo na nyumba yake ya rangi ya waridi, na bibi mmoja aliyezaliwa katika nyumba yake mwaka 1918. Hakuna aliyedai kwamba nyumba zao ni mbovu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliupa mji haki kwa majaji watano dhidi ya wanne: kuleta kazi na kodi ni manufaa ya umma. Jaji Sandra Day O'Connor alipinga kwa maneno makali, akisema sasa nyumba ya mtu ye yote yaweza kupewa mwenye uwezo zaidi. Majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria zao baada ya hapo.

Nyumba ya waridi iling'olewa ikasimamishwa upya katika mtaa mwingine wa mji ule ule. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kuondoka New London. Hoteli haikuwa imejengwa, na viwanja vya Fort Trumbull vilikaa miaka mingi vikiota majani.