Kupunguza uzito wa baiskeli ya mbio ukiwa Goma: pesa kidogo ianzie wapi

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, vijana wa Goma wanatuandikia sana sisi tulio Ulaya. Ombi ni lile lile: yaya, unitafutie kinga (baiskeli) nyepesi. Wameona baiskeli za kaboni zikipanda milima ya Kigali, na kila Tour du Rwanda inapofika Rubavu wanaziona karibu zaidi, ng'ambo tu ya mpaka. Ombi lenyewe ni la haki. Ila kabla mtu hajakopa, au hajamlazimisha dada yake aliye Liège kukopa, ajue kwanza hamu hii ya wepesi imetoka wapi, na gramu gani zinapatikana kwa bei rahisi.

Baiskeli za chuma zilitawala mbio kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Mafundi wa Italia, Ufaransa na Ubelgiji walipunguza uzito kwa kutumia mabomba membamba zaidi, kisha wakaanza kutoboa: matundu kwenye breki, kwenye gia ya mbele, hata kwenye mnyororo. Oktoba 1972, mjini Mexico, Eddy Merckx alivunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 49.431 juu ya baiskeli ya chuma iliyotengenezwa na Ernesto Colnago, ikiwa na uzito usiofika kilo 6. Hakukuwa na kaboni pale. Lakini ilikuwa baiskeli ya uwanjani, isiyo na breki wala gia, kwenye njia laini ya mviringo. Hakukuwa na shimo la kukwepa.

Baadaye kaboni ikaingia, na wepesi ukawa biashara. Chama cha dunia cha mchezo huu, UCI, kiliona hatari mbili: vipuri vyembamba kuvunjika chini ya mtu, na mbio kugeuka mashindano ya mifuko. Tangu mwaka 2000 baiskeli ya mbio za barabarani hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Mimi naipenda sheria hiyo, maana inamlinda anayetoka kwetu. Hata tajiri ana kikomo.

Sasa tupige hesabu. Chukua kijana wa kilo 65, baiskeli ya chuma ya kilo 11, na kilo 4 za nguo, viatu na maji: jumla kilo 80. Akipunguza kilo 1 nzima, amepunguza asilimia 1.25 ya mzigo anaoupandisha. Katika mlima unaomchukua saa nzima, ataokoa kama sekunde 45, au chini kidogo, kwa sababu upepo na tairi navyo vinakula nguvu. Kutoka Goma hadi Sake, barabara isiyo na milima mikubwa, hataona tofauti. Akipita Sake na kuanza kupanda kuelekea Masisi, hapo ndipo kilo ile inaanza kuonekana.

Wauzaji husema pia kwamba gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu. Kauli hiyo ina ukweli pale unapoondoka au unapoongeza mwendo ghafla. Ukipanda kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu, popote ilipo.

Jambo hili la kupima jumla ya mzigo watu wa Goma tungepaswa kulielewa kuliko wengi, kwa sababu tuna chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katika mzunguko wa magari tangu 2009, na inastahili. Sehemu kubwa yake ni mbao, mikaratusi na miti mingine migumu, na magurudumu yake yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Hubeba mamia ya kilo za makaa, viazi na kabichi kutoka Kibumba kushuka mjini, juu ya mawe ya lava. Mwenye chukudu hajiulizi chombo kina kilo ngapi kikiwa kitupu. Anaangalia jumla: chombo, mzigo na yeye mwenyewe, na njia inaelekea wapi. Wakati wa kushuka uzito humsaidia kwenda na humchosha kusimama. Wakati wa kurudi juu anausukuma kwa mabega. Mwanamichezo wa baiskeli naye apime hivyo hivyo, jumla, si fremu peke yake.

Kwa hiyo anza na vile visivyodai franga, au vinavyodai chache tu. Karia ya nyuma, stendi, vifuniko vya matope na kufuli kubwa vikitoka, mara nyingi unafikia kilo nzima au zaidi. Chupa ya pili ya maji ni karibu kilo nyingine. Kama njia ina mahali pa kujaza, beba moja. Kiti chenye springi kinaweza kukaribia kilo, wakati cha kawaida cha mbio, hata cha mitumba, ni kama gramu 300. Tumia mizani ya kuning'iniza kama ile ya sokoni. Pima kila unachotoa, uandike. Usiamini namba ya kwenye karatasi ya duka.

Ukishamaliza hapo, pesa ya kwanza ya maana iende kwenye tairi. Tairi ya bei rahisi yenye waya pembeni huwa na gramu 350 hadi 400. Ile inayokunjika, ya nyuzi imara, huwa kati ya 220 na 280. Kwa jozi moja umeokoa robo ya kilo, na juu ya hilo mpira wake mzuri unaviringika vizuri zaidi barabarani, faida unayoipata hata kwenye tambarare. Gawanya dola kwa gramu utaona: ni vipuri vichache vinavyoishinda tairi. Rimu za kaboni zinaweza kupunguza nusu kilo, lakini kwa mamia ya dola.

Tyubu ndiyo sehemu ambayo ushauri wa Ulaya haufai kubebwa mzima mzima hadi Goma. Hapa Ulaya tunauza tyubu za plastiki za TPU zenye gramu 40 hivi, na ile nyeusi ya kawaida ina zaidi ya 100. Bei yake imeshuka, inavutia. Lakini TPU inataka viraka vyake maalumu. Gundi ya kwado, mziba tairi wa mitaa ya Birere au Katindo, haishiki pale. Mawe ya volkano ya Nyiragongo yaliyomwagika mjini mwaka 2002 bado yanakata mpira. Chukua tyubu nyeusi nyembamba, ya gramu 75 hivi, ambayo fundi yeyote wa barabarani ataiziba. Na tairi iwe pana, milimita 28 kama fremu inaruhusu, hata ikiongeza gramu chache.

Kuna mahali pengine ningeongeza uzito bila kujuta. Kaseti yenye meno 32 nyuma ni nzito kuliko ya 25, lakini itakupandisha mlima ukiwa umekaa, miguu ikizunguka. Nimeona vijana wakinunua skrubu za titani huku wakisaga magoti kwa gia ngumu. Skrubu hizo ni gramu chache kwa bei ya tairi nzima.

Usukani wa kaboni usio na jina, wa bei ya chini ya ajabu mtandaoni, usiununue kabisa. Kaboni mbovu haipindi kabla ya kuvunjika kama chuma. Inakatika ghafla, nawe uko kwenye mteremko. Sisemi hivyo kuogopesha. Tangu waasi wa M23 wauchukue mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege pia, kipuri kilichovunjika hakibadilishwi kirahisi, na hospitali za Goma zimekuwa na majeruhi wa kutosha.

Ndugu zangu mlio Brussels, Liège na Paris, msitume fremu. Mtu anayevuka kupitia Gisenyi anaweza kubeba kwenye begi tairi mbili za kukunjika, tyubu nne, kaseti moja na jozi mbili za mpira wa breki. Hivyo ndivyo vitakavyomsaidia kijana kupanda kutoka Sake mwaka huu.