Chupa ya Vijidudu Vilivyokufa

Nyumbani kwa kina Daniel Burd, mjini Waterloo nchini Kanada, palikuwa na kabati lililojaa mifuko ya plastiki. Kila alipolifungua ili afanye kazi zake za nyumbani, mifuko ilimporomokea kichwani. Wengine wangeirudisha ndani na kufunga mlango. Kijana huyo wa miaka 16 akaanza kujiuliza mifuko yote hiyo huishia wapi. Husemwa kwamba plastiki huoza baada ya miaka mingi sana. Kama huoza, basi kuna kinachoiozesha, na huenda ni vijidudu.

Akasaga mifuko ikawa unga. Akauchanganya na udongo wa dampo, hamira na maji ya bomba, akauweka mchanganyiko mahali penye joto. Wazo lake lilikuwa rahisi: vijidudu vinavyoweza kula plastiki vitaongezeka, visivyoweza vitapungua. Baada ya miezi mitatu alichukua maji yenye vijidudu hivyo, akayatia kwenye chupa pamoja na vipande vya mfuko alivyokuwa amevipima uzito.

Kisha akafanya jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Sehemu ya maji yale aliichemsha hadi vijidudu vyote vikafa, akaitia kwenye chupa nyingine na vipande vya mfuko ule ule.

Wiki sita baadaye akapima tena. Katika chupa za vijidudu vilivyokufa, uzito wa plastiki ulikuwa vile vile. Katika chupa za vijidudu hai, ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 17. Alipotenganisha aina za bakteria, akaoanisha Sphingomonas na Pseudomonas na kurekebisha joto, upungufu ulifika asilimia 43 kwa wiki sita. Mwaka 2008 kazi hiyo ilishinda mashindano ya kitaifa ya sayansi ya Kanada, yaliyofanyika Ottawa.

Asilimia 43 si mfuko mzima, na chupa yenye joto lililopangwa si dampo. Lakini bila zile chupa za maji yaliyochemshwa, hata asilimia hizo zisingeaminika. Nani angejua kama plastiki haikuliwa na maji tu, au na joto?

Si vijidudu tu vinavyosafisha mazingira. Mimea nayo husafisha, ila kwa njia yake. Baadhi ya vijidudu huvunja sumu ikawa vitu visivyo na madhara. Lakini metali haivunjiki, kwa hiyo mmea huivuta kwa mizizi na kuihifadhi mwilini. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza aina ya kangaga, Pteris vittata, inayoweza kukusanya aseniki hadi zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake mkavu. Miaka ya 1990, karibu na Chernobyl, alizeti ziliwekwa zikielea juu ya bwawa, mizizi ikining'inia majini, ili zivute madini ya mionzi yaliyomwagwa na ajali ya nyuklia ya mwaka 1986. Ni alizeti hiyo hiyo inayokamuliwa mafuta Singida.

Afrika Mashariki haikosi mmea wa kuanzia. Gugumaji, linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huvuta risasi na metali nyingine kutoka kwenye maji machafu. Lakini likiachwa lioze humo humo, sumu hurudi majini. Mradi unaoishia kwenye maji safi, bila kusema mmea uliojaa sumu utapelekwa wapi, umefika nusu ya njia.

Tanzania ina mashindano ya Young Scientists Tanzania, na Kenya ina maonyesho yake ya sayansi ya shule, ambako washiriki hupanda ngazi hadi taifa. Kwa mradi wa gugumaji haihitajiki maabara ya kifahari ili kuanza. Zinatosha ndoo mbili, maji ya mtaro mmoja, kivuli kimoja, na daftari la kuandika vipimo kila siku. Ndoo moja iwe na maji na gugumaji, nyingine iwe na maji tu, kwa sababu taka nyingine hutulia chini zenyewe hata bila mmea.

Mwalimu atakayesimamia mradi wa namna hii mwaka huu, kabla hajatazama bango wala picha, awaulize wanafunzi wake swali moja: ndoo isiyo na mmea iko wapi?