Mkojo Si Kipimo cha Dawa ya Presha

Mgonjwa wa presha akipewa dawa ya kutoa maji, mara nyingi huihukumu msalani. Akikojoa sana husema inafanya kazi. Wiki zikipita na mkojo ukirudi kama zamani, huona imeisha nguvu, akaiacha. Hapo ndipo anapokosea. Vidonge vya jamii ya thiazaidi, vinavyotumika tangu miaka ya 1950, huifanya figo itoe chumvi, na maji huifuata. Baada ya wiki chache mwili huzoea na mkojo hupungua, ila mishipa ya damu huendelea kulegea na presha hubaki chini. Kazi kubwa, basi, hufanyika mgonjwa asipoona lolote. Katika utafiti wa ALLHAT uliotangazwa Marekani mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 33,000, kidonge rahisi cha jamii hii hakikushindwa na dawa mpya za bei kubwa katika kuzuia mshtuko wa moyo. Mwaka 2019 utafiti wa CREOLE, uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba thiazaidi ikiandamana na amlodipini, dawa nyingine ya presha, hushusha presha vizuri.

Mtu wa Nyakoe, kule Kisii, aweza kuuliza: mbona nameza dawa ya maji na miguu bado imevimba? Ikiwa anameza pia amlodipini, huenda uvimbe umeletwa na hiyo, kwani hupanua mishipa midogo hadi maji yavuje. Kuongeza dawa ya maji hakusaidii sana, heri daktari abadilishe dozi. Wengine huogopa kuishiwa potasiamu kwa sababu ya dawa ya maji, na hofu hiyo ina msingi. Lakini ushauri wa kula ndizi, rahisi mno kufuatwa Kisii, haumfai kila mtu: anayetumia spironolaktoni, dawa ya maji inayobakiza potasiamu, au mwenye figo dhaifu, potasiamu yaweza kumzidi hadi moyo ukasimama. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Tena dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, zinazomezwa jioni baada ya kuchuma chai kutwa nzima, huizuia figo kutoa chumvi, kisha lawama zikaangukia dawa ya presha.

Mwenye presha aiulize mashine ya presha. Aliyevimba kwa udhaifu wa moyo aiulize mizani: kilo 2 zikiongezeka kwa siku chache, maji yanarudi, na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anakojoa vizuri.