"Acha" si Tiba ya Aliyezoea Vidonge vya Usingizi

Mama mmoja wa Kawangware, ambaye binti yake nilimfundisha, alimeza vidonge vya usingizi kila usiku kwa miaka minne. Alianza alipofiwa na mumewe. Siku moja mhudumu wa zahanati, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Mama, acha hizi dawa." Mama akaacha usiku ule ule. Hakupata lepe la usingizi, mikono ikamtetemeka, jasho likamtiririka. Jirani mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema amerogwa. Siku ya sita akaanguka kifafa, yeye ambaye hakuwahi kuugua kifafa maishani.

Udaktari wangu ni wa isimu, si wa tiba; ndiyo maana nakishtaki kitenzi. "Acha" hakina kipimo wala muda. Anayeambiwa aache, huacha.

Wataalamu wanayajua mambo haya tangu zamani. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, na Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliendesha kliniki ya watu walioizoea dawa ya jamii hiyo kuanzia 1982 hadi 1994. Mwili uliozoea hivyo, alisisitiza, haunyang'anywi ghafla. Mwongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya wiki 2 hadi 4, kwa kumtazama mgonjwa anavyostahimili. Basi anayemeza miligramu 10 za Valium aweza kushushwa kwanza hadi 9. Kidonge cha miligramu 9 hakuna, lakini kimoja cha 5 na viwili vya 2 vyatosha. Hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Safari yenyewe yaweza kupita mwaka.

Sasa itazame bahasha ndogo ya karatasi atokayo nayo mgonjwa katika duka la dawa pale Kibera. Imeandikwa 1x3, au 2x1. Namna ya kushuka haina nafasi humo. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza, na anunuaye vidonge vitano vitano haioni kabisa. Hayo katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Na neno tunalo: kulikiza. Kila mzazi wa Kibera anajua kwamba mtoto haachishwi ziwa kwa siku moja. Hupunguziwa la mchana, kisha la jioni, la usiku likabaki mwisho. Tena mtoto hajilikizi, hulikizwa. Kitenzi hiki kinamdai mtu wa pili, naye hapa ni daktari au muuguzi atakayemwona mgonjwa tena na tena.

Mama yule alirudishiwa vidonge vyake hospitalini, na sasa analikizwa. Wanafunzi wangu wa tafsiri nimewapa zoezi: waandike maelezo ya wiki 8 za kwanza, ayasome bila kusaidiwa. Wawili waliniletea kazi iliyoanza kwa neno "acha". Nimewarudishia.