Karatasi au Plastiki: Mfuko Upi Huharibu Mazingira Zaidi?

Katika masoko ya Bukavu na Lubumbashi, unga, chumvi na maharagwe hutiwa katika mfuko mwembamba wa plastiki uitwao sashe, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa. Wengi hushauri kwamba sashe iachwe na nafasi yake ichukuliwe na karatasi, kwa kuwa karatasi hutokana na mti na huoza. Shauri hilo lina ukweli, lakini halijakamilika. Madhara ya mfuko hayana budi kupimwa mahali pawili: pale unapotengenezwa na pale unapotupwa.

Kwanza, utengenezaji. Plastiki hutokana na mafuta ya petroli au gesi asilia, mali ambayo ikichimbwa hairudi. Miti yaweza kupandwa tena; lakini kuigeuza kuwa karatasi kwahitaji maji mengi, nishati na kemikali. Isitoshe, karatasi ni nzito. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Mazingira la Uingereza ulilinganisha mfuko wa plastiki wa gramu 8 hivi na wa karatasi wa gramu 55 hivi. Kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani, ilionekana kwamba mfuko wa karatasi sharti utumiwe angalau mara 3 ndipo ulingane na wa plastiki uliotumiwa mara 1. Nao ukilowa, mara nyingi haufikii safari ya pili.

Hata hivyo, hesabu hiyo haikutia ndani madhara ya mifuko inayozagaa ovyo. Mahali ambapo takataka hazizolewi, mizani hugeuka. Karatasi iliyoanguka mtaroni hulowa na kuoza. Plastiki hukatika vipande vidogo vidogo, vikabaki udongoni na majini kwa miaka mingi. Ikichomwa, hutoa moshi wenye sumu. Bukavu ni mfano ulio wazi. Mvua hukokota sashe na chupa kutoka milimani hadi Ziwa Kivu. Kisha huelea mpaka bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo ya umeme, hata wafanyakazi wakalazimika kuziopoa. Hivyo sashe iliyotupwa mlimani huweza kuizima taa ya yule aliyeitupa.

Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Pamoja na hayo, sashe hazijatoweka sokoni, kwani katazo pekee halimpi mnunuzi kitu cha kubebea unga wake.

Kwa ufupi, katika utengenezaji plastiki ina nafuu. Katika utupaji, hasa pasipo uzoaji wa takataka, nafuu iko kwa karatasi. Lakini linalopita yote mawili ni idadi ya matumizi. Kikapu kinachokwenda sokoni na kurudi mwaka mzima huishinda mifuko yote miwili.