Ua wa Mnyaa: Mlinzi Asiyeomba Maji

Kiangazi kinapoikausha Rumonge, kati ya Juni na Agosti, bustani nyingi za ufukwe wa Tanganyika hunyauka. Mnyaa, kichaka cha asili ya Afrika, haubadiliki rangi: vijiti vyake vinene vya kijani huhifadhi maji na kufanya kazi ya majani. Ndiyo maana Warundi wamezoea tangu zamani kuzungushia miji yao ua wa mnyaa.

Ndugu wanajeshi na polisi, anayetaka ua huo nyumbani au kambini na akate vijiti vya sentimeta 30 hivi, aviache kivulini siku chache hadi utomvu ukauke, kisha avichomeke karibukaribu mvua zinapoanza.

Lakini mlinzi huyu ana silaha. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Yatupasa kuupogoa tukiwa na glavu na miwani. Ukituingia jichoni, tuoshe mara moja kwa maji mengi, kisha twende zahanati. Matawi yaliyokatwa tusiyatupe ziwani, kwani utomvu huo ni utupa uuao samaki. Ua unaomlinda askari usimdhuru mtoto wa jirani.