Hadhi ya Ukaazi na Haki ya Kuungana: Vyama vya Wafanyakazi kutoka Chicago hadi Mchesi

1.0 Utangulizi
Historia ya vyama vya wafanyakazi katika enzi ya viwanda huelezwa zaidi kwa kuzingatia ujira, saa za kazi na migomo. Makala haya yanaangazia kipengele kinachotajwa kwa nadra, yaani hadhi ya ukaazi ya mfanyakazi. Hoja kuu ni kwamba wageni walikuwa miongoni mwa waasisi wa vyama hivyo, na kwamba mamlaka ya kumfukuza au kumzuia mtu mahali fulani yalitumiwa kuvidhoofisha. Hoja hii ina uzito nchini Malawi, ambako wakimbizi wa Dzaleka, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, hutafuta riziki katika mipaka finyu ya sheria.

2.0 Wageni katika Uasisi wa Vyama
Viwanda vya Marekani vya mwishoni mwa karne ya 19 vilitegemea sana wahamiaji. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Siku tatu baadaye bomu lililipuka Haymarket, Chicago, na watu wanane wakatiwa hatiani. Sita kati yao walizaliwa Ulaya. Mwaka huohuo Samuel Gompers, mzaliwa wa London, aliongoza kuundwa kwa Shirikisho la Kazi la Marekani. Hata hivyo, shirikisho hilo baadaye liliunga mkono sheria za kuzuia wahamiaji. Chama kinaweza, kwa hiyo, kumtetea mgeni au kumfungia mlango.

Afrika ina mifano yake. Clements Kadalie, mzaliwa wa Nyasaland (sasa Malawi) aliyesomeshwa na Misheni ya Livingstonia, aliasisi chama cha ICU jijini Cape Town mwaka 1919. Mwaka huohuo wafanyakazi wa bandari waligoma, na mwaka 1920 Kadalie alipewa amri ya kuondoka Afrika Kusini, ambayo baadaye ilitenguliwa. Kufikia 1927 chama kilikadiriwa kuwa na wanachama 100,000. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilijaribu kumfukuza Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliporejea kutoka India mwaka 1947. Iliposhindwa, ilimweka kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961.

3.0 Dzaleka na Mchesi
Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la kisiasa kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000; sasa ina zaidi ya 50,000. Baadhi ya wakimbizi walifungua biashara mijini, ikiwemo Mchesi jijini Lilongwe, hadi serikali ilipoanza kuwarejesha kambini Mei 2023.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Malawi kinampa kila mtu haki ya kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa upande mwingine, Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilitamka kuwa inavichukulia vifungu kadhaa kama mapendekezo tu. Miongoni mwavyo ni kifungu cha 15 kuhusu vyama na cha 24 kuhusu sheria za kazi. Aidha, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Matokeo yake ni kwamba mkimbizi anayefanya kazi nje ya kambi bila kibali hawezi kudai ujira aliodhulumiwa bila kujifichua. Mwajiri anayelijua hilo humlipa kidogo, na ujira wa Mmalawi anayefanya kazi hiyohiyo nao hushuka.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo
Historia inaonesha kwamba hofu ya kufukuzwa humnyamazisha mgeni kwanza, kisha hupunguza nguvu ya mwenyeji. Makala haya yanapendekeza hatua mbili. Kwanza, Malawi iondoe masharti yake juu ya vifungu vya 15 na 24, hata kabla ya kulitazama upya suala la makazi, ili ahadi ya Katiba na ya Mkataba zilingane. Pili, malalamiko ya ujira yashughulikiwe bila kuulizia kibali cha ukaazi. Vyama vya wafanyakazi vya Malawi vina sababu ya kuunga mkono hatua hizo, kwani zinalinda pia ujira wa wanachama wake.